Panya wa Kokwa

Sanduku lilifika Mabela limeshatumika,
kona moja imelowana, ikakauka, ikavimba.
Ndani: ubao wa msitu wenye theluji,
mbweha watatu, sungura, fisimaji mwenye upanga,
na kishimo kitupu kwenye sponji
alipokuwa akilala panya.

Shinuna hakutaka kuagiza mwingine.
Alikula tende, akaosha kokwa,
akaikwaruza kwa kisu cha vitunguu
mpaka masikio yakatokea.
Mkia ni uzi wa kofia ya baba yake,
ile anayoitoboa mwaka wa pili sasa
na vijicho havijafika nusu.

Basi, tukaharibikiwa hapo.

Jumanne akanipigia usiku wa manane:
"Msitu huu wote misonobari.
Wewe msonobari umeuona wapi?"
Nikasema, kwenye chupa ya sabuni ya kupigia deki.
Alhamisi tukaukata kwa mkasi, mti kwa mti,
kiyoyozi kinakoroma, nje joto limekaa kama mgeni asiyeaga,
tukapanda mikunazi na migunga,
tukalaza wadi kavu ya karatasi ya msasa
ambayo hadi leo inamkwaruza sungura miguu.

Mama akapita na sinia la chai ya maziwa,
akamnyanyua mmoja mwenye milia usoni.
"Na huyu?"
Tukamtajia jina la kwenye sanduku. Likamkwama kooni.
"Huyu nyegere," akaamua. "Kavaa vibaya tu."
Tangu hapo ni Nyegere, ana asali, ana madeni,
na Shinuna kambandikia ubeti nyuma ya kadi:

    Nyegere mla asali, nyuki wanamuapiza,
    Hulipa deni la mbali, la jirani hupuuza,
    Akiulizwa ukweli, hujifanya anauza,
    Duka lake ni la giza, mzinga ndio mizani.

Azzan akadai mstari wa pili umezidi.
Wakahesabu kwa vidole, nane kwa nane,
chai ikapoa, mbweha wangu wakangoja vita
ambavyo usiku ule havikupiganwa.

Kilichobaki ni zamu.
Kitabu kinasema: rusha dadu, mkubwa aanze.
Shinuna akakifunga.
"Kwetu Samail zamu haitupiwi dadu.
Kila nyumba na athari yake ya maji,
nusu saa, mchana kwa kivuli, usiku kwa nyota,
na mwenye zamu ya alfajiri huamka alfajiri."
Akachora falaji ikipita katikati ya wadi,
akagawa: fisimaji athari mbili, sungura moja,
mbweha wanakodi, nyegere anakopa.
Panya akampa moja,
akaandika kwa wino mwekundu: Haiuzwi.

Hakuna aliyesema kitu.
Athari ya babu iliuzwa mwaka niliozaliwa mimi,
ikawa gari, gari likawa chuma.
Sikujua kama yeye anaikumbuka.
Yeye mwenyewe alikuwa na miaka minne.

Azzan sasa yuko Duqm, bandarini.
Zamu yake tunaicheza kwa simu, sauti inakatika,
"sogeza... hapana, upande wa... ",
tunamsogezea tunapodhani.
Juzi katuma picha: kalunguyeye
wa njiti za meno za kantini, kichwa mfuniko wa kalamu.
Hana kadi wala kanuni.
Tumemwekea nafasi chini ya mkunazi.

Mara tatu nimejaribu kuinunua ile athari.
Nimeweka mezani asali yote, mbweha wote,
hata daraja.
Shinuna hanijibu, ananigeuzia kadi tu.
Kisha anamsukuma panya kwa ncha ya kidole
mpaka mdomoni mwa mfereji,
anaondoa jiwe, anaondoa kitambaa,
na sisi watu wazima watatu, mmoja kwenye simu,
tunanyamaza kidogo
kama vile yatapita.