Saba Isiyo na Mkanda

Hapa Koivulahti, mji mdogo wa Ufini,
jina la mgombea haliandikwi kwenye kura.
Unaandika namba. Namba tu,
kwa penseli iliyofungwa uzi,
ndani ya kibanda cha kadibodi,
kisha unaikunja karatasi, unaniletea,
nami naigonga muhuri mgongoni: pa!
Miaka kumi na minne nimegonga.

Marketta Hyvönen alikuwa mia moja na kumi na saba.
Mpishi wa shule, mikono inanuka vitunguu,
hajawahi kusimama mbele ya watu
ila kuwaambia watoto wapange foleni.
Baraza lilipotaka kuliondoa basi la maktaba
(eti wasomaji haba, dizeli ghali)
alivua aproni, akajaza fomu.

Wiki tatu alisimama nje ya duka la ushirika,
Aprili ile ya theluji iliyogeuka tope,
chupa mbili za kahawa na bango moja
lililoangushwa na upepo kila akigeuka.
Watu walikunywa, wakamuuliza habari za mashimo barabarani,
za maegesho, za mbwa wa jirani,
wakaenda zao.
"Kahawa imepita bila kupingwa," aliniambia.
"Mimi ndiyo sijui."

Baba yangu naye alikunywa. Vikombe vitatu.
Hakusema kitu. Tangu mama afariki
anatoa maneno kama mtu anayekula akiba.
Kila Alhamisi hulingoja basi la maktaba
nusu saa kabla, riwaya ya kijasusi kwapani,
na mara nyingine huazima ile ile aliyoirudisha.

Jumapili alikuja kupiga kura. Amevaa tai.
Nikamwomba kitambulisho, ndivyo sheria isemavyo.
Akanitazama, mimi mwanawe,
akakitoa polepole.
Pa!

Saa mbili usiku tukafunga milango,
tukamwaga sanduku mezani, tukapanga mafungu.
Hapo ikatokea moja
iliyokunjwa kupita haja,
tarakimu zinatetemeka:
moja, moja, halafu
moja? Saba?
Mia moja na kumi na moja ni Pelkonen, muuza misumari,
anayetaka basi liondoke.
Shuleni tulifundishwa: saba ifunge mkanda kiunoni.
Hii haikuwa na mkanda. Ilikuwa na kofia,
ndogo, kama ya mtu anayesita kusalimu.

Namjua mmoja tu anayeandika saba hivyo.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini usiku ule kata ilikuwa imekula kiapo.
Raili, mwenyekiti wetu, akaiinua kwenye taa.
"Wewe unaisomaje?"
Mate yakanikauka.
"Haisomeki," nikasema.
Ikaingia kwenye bahasha ya zilizoharibika
pamoja na ile iliyochorwa bata.

Usidhani iliamua jambo.
Marketta alikosa kiti kwa kura tisa.
Angepewa ile, zingebaki nane.
Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko ugumu wake.

Jumatatu alikuwa jikoni, viazi na samaki,
watoto mia tatu hawajui kama alishindwa.
Baba alikoroga uji wake.
"Yule mpishi?"
"Hakupita."
"Kwa ngapi?"
"Tisa."
Akahesabu kitu kwa vidole, sijui nini,
akaurudia uji.

Jioni akanipa orodha ya dukani,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
maziwa. Siagi. Betri za redio.
Maandazi ya iliki, 1.
Au 7.
Nikasimama mbele ya kabati la kioo,
sina Raili, sina taa ya kuinulia,
muuzaji ananingoja, koleo mkononi.

"Saba," nikamwambia.