Alama ya Chini ya Jiko

Kamukunji, nyuma ya maghala ya bati,
nimeketi juu ya debe la rangi lililofudikizwa,
kompyuta magotini, intaneti ya kuazima simu.
Nyundo mia zinagonga, kila moja na saa yake,
na Syombua anapaza sauti ili nimsikie:
"Miezi minane ukurasa uko hewani,
mteja hata mmoja! Kazi yako ina kutu."

Namwonyesha. Duka lake linaitwa Mvua Njema,
na mashine, maskini, imesoma mvua
ikampanga foleni moja na utabiri wa hali ya hewa.
Wanaomfikia ni wakulima wa mahindi
wanaouliza kama wapande.

Anacheka mpaka anashikilia fuawe.

Namwambia: mashine inaona herufi, haioni neno.
Mtu akisoma "jiko" anajua papo hapo
kama ni la kupikia, au ni chumba,
au ni kijana wa Makadara aliyepata jiko Jumamosi
na bado anadaiwa hela za hema.
Mashine haina shangazi wa kuieleza.
Basi kila neno nalivika lebo kwa ndani,
nyuma ya pazia, mteja asipoona:
hili ni duka. Hili ni jina la duka.
Hii bidhaa, hii bei, na hii sarafu, shilingi,
kwa sababu "mia nane" peke yake
yaweza kuwa kilo, yaweza kuwa mbuzi.

"Unafungua saa ngapi?"
"Saa mbili."
Naandika nane, sifuri sifuri.
Anachungulia begani kwangu, ananidaka mkono.
"Nimesema mbili! Saa nane nitakuwa nakula."
Namweleza kwamba kule iliko mashine
siku huanza usiku wa manane, watu wamelala.
"Kuanza siku gizani," anasema,
"ndiyo maana imechanganyikiwa."

"Mwanzilishi?"

Hapo nyundo yake inasimama.
Yake tu; zile nyingine zinaendelea.
"Andika Mutiso."
Aliyekata pipa la kwanza, la mafuta ya kupikia, la bluu,
akalipiga siku tatu
na jiko likatoka limepinda, likanunuliwa hivyo hivyo.
Ipo lebo ya mtu. Ipo ya siku ya kuzaliwa.
Ipo na nyingine, nami nairuka bila kuuliza.
Yeye ndiye anayeitaja:
tarehe kumi na tisa, Aprili, mwaka ule wa mafuriko.
"Itaonekana?"
"Na watu, hapana. Mashine pekee ndiyo itakayoisoma."

Anachukua jiko lililokwisha, analigeuza.
Chini, pasipofikiwa na jicho la mpishi,
vitone vitatu vya msumari na mkwaruzo mmoja.
"Hii ni yake. Bado naipiga.
Anayesonga ugali hana habari nayo.
Fundi mwenzetu akiligeuza
anajua limetoka mkono gani."
Analirudisha chini. "Kumbe kazi yako ni hii.
Ungesema tangu mwanzo."

Mimi, niliyesomea jambo hilo miaka minne,
sina la kuongeza.

Naupima ukurasa. Kijani, kijani, kijani,
kisha onyo moja la njano: barabara na nambari ya jengo havipo.
Namtajia. Anatazama huku na huku:
vichochoro, moshi, mkokoteni wa vyuma chakavu
ukiomba njia kwa matusi.
"Nambari tutoe wapi? Mwambie apite mafundi wa masanduku,
akimwona muuza chai mwenye kofia nyekundu
akate kushoto."
Natafuta lebo ya kofia nyekundu.
Natafuta hata ya kushoto.

"Liache hilo onyo," anasema, na nyundo iko juu tayari.
"Akikaribia atatusikia."