Kwa Jirani Anayechimba Msingi

Naona umeshavuta kamba, jirani,
na fundi Jefwa amesimama palepale
aliposimama siku ya kunijengea mimi,
akinionyesha msitu kwa mpini wa koleo:
"Huko hakuna mtu, mama. Utalala kimya."

Mtu hakuna, kweli.

Sikiliza kabla mawe hayajapanda.
Akikuletea fremu za mbao laini, mrudishie.
Mchwa wa Mijomboni hawana haraka.
Kwangu walianza na kalenda ya ukutani,
wakala Januari mpaka Aprili,
tukawa tunauliza shuleni tarehe ya karo.
Kisha wakahamia mlangoni. Nje rangi yang'aa,
ndani ukibonyeza, kidole kinazama
kama mkate uliochovywa chai.
Boriti za mikoko ni ghali. Nunua.

Na kiatu, kigonge.
Hata cha mtoto, hata ulichokivua sasa hivi.
Ngumbao wangu ana miaka minne,
alijua kugonga kiatu
kabla ya kujua kukifunga.

Panya sasa. Hapa nina aibu kidogo.
Nilishuka Malindi mjini na kiburi changu,
nikarudi na pakiti kumi za sumu ya waridi.
Walikula. Walifia darini, ndani ya makuti,
tukalala na harufu yao siku tisa.
Siku ya kumi bundi alianguka kwenye pipa la maji,
mbawa wazi, kama mtu
aliyekuja kuuliza jambo akalisahau.
Mama mkwe akasema afadhali, ndege wa mikosi.
Mwezi uliofuata
panya walikuwa wengi kuliko vijiko vyetu.

Halafu siafu.
Mvua ya kwanza ilikuwa imekatika, saa nane za usiku.
Kuku walijua mwanzo.
Nikashusha mguu kitandani,
sakafu ikaniuma.

Tulitoka hivyo hivyo tulivyokuwa:
Ngumbao begani, Dama amekumbatia redio
(kwa nini redio, hata leo hajui),
baba yao na shuka moja ya watu wanne.
Tukakaa barabarani tukiisikiliza nyumba yetu,
sauti ndogo, ndogo,
kama mchele unaopepetwa na mtu asiyechoka.

Alfajiri walikuwa wameondoka.
Tetea wangu wa madoa alibaki manyoya na miguu.
Kizimba nilikifunga mimi, kwa waya, kwa mkono wangu.
Hilo bado linanikaa hapa.
Lakini ndani, jirani!
Mende hakuna. Kunguni hakuna,
hata kwenye mishono ya godoro.
Ndani ya kiatu changu cha kanisani
nge alikuwa ganda tu, mkia juu,
mwepesi kama ngozi ya kitunguu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema mwenyeji atapona akiwa nje,
na robo ya shuka.
Wala hawakusema, hapa petu, mwenyeji ni nani.

Basi sikukatazi. Jenga.
Fyeka nyasi hatua kumi, usichoke kufyeka.
Unga uwe kwenye pipa lenye kifuniko kizito,
maana nyani naye ana vidole.
Miguu ya kitanda cha mtoto isimame kwenye makopo ya maji,
majivu kizingitini, majani ya mwarobaini kwenye mahindi.
Na ziba matundu. Yote.

Mimi nimeacha moja,
juu, kwenye pembe ya paa, upande wa msitu.
Tangu Jumanne linapitisha kitu
chenye mbawa zisizo na sauti,
na asubuhi nafagia vifupa vidogo kibarazani
kabla mama mkwe hajaamka.

Akilia usiku, jirani,
tafadhali, usirushe jiwe.