Fundi Mwenye Pupa

Kitambaa cheusi hakijui kutunza siri.
Nilikuwa napiga pindo la baibui la Bi Mwantumu,
hapa hapa Tandika, kibarazani,
nikainua kiwiko, na juu ya weusi ule
yakabaki magamba, meupe, makavu.

Nikayapuliza.
Yakadondoka mengine.

Bi Mwantumu hakusema neno.
Alilipa bei niliyotaja, akaondoka,
na kwa mtu anayebishania hata bei ya kiberiti
kutoomba kupunguziwa ni tusi.

Miaka mitatu nilivaa mikono mirefu.
Januari ya Dar, jasho linachuruzika hadi kwenye pedeli,
mimi nimejifunika kama niko Lushoto.
Walisema fangasi. Walisema nimetupiwa kitu.
Wifi yangu Zamoyoni alisema neno ambalo siliandiki hapa,
akatenga kikombe changu,
akakifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake, kisije kikachanganyika.
Uzi ulikuwa wangu. Aliniomba asubuhi.

Nilijipaka mwarobaini hadi shuka likanuka.
Nilijipaka krimu ya Kariakoo, kopo lisilo na jina,
ikaniponya wiki mbili
kisha ikanirudishia ugonjwa pamoja na riba.

Dokta Mallya, kliniki ya ngozi, hakuvaa glavu.
Aliushika mkono wangu kwa mkono wake mtupu,
na hiyo, kwangu, ndiyo dozi ya kwanza.
"Soriasisi," alisema.
So-ri-a-si-si: cherehani isiyotiwa mafuta.
"Kazi yako?"
"Fundi nguo."
"Basi utanielewa upesi.
Ngozi ya mtu hushona kanzu mpya kwa mwezi mzima.
Yako ina fundi mwenye pupa.
Anamaliza kwa siku nne, hakati nyuzi, hapigi pasi,
anarundika moja juu ya nyingine.
Askari wa mwili wako ndio wanaomkimbiza,
wanadhani kuna vita.
Hakuna vita. Na huwezi kumwambukiza mtu."

"Ataacha lini?"

Alifunika kalamu yake kwanza.
"Haachi. Lakini anatulizika."

Basi naishi naye.
Namjua sasa kama mpangaji wa chumba cha pili.
Nikijikwaruza, pale pale penye mkwaruzo
kesho anafungua duka.
Maji ya moto yanamchokoza. Koo likiuma, anaamka.
Mwezi wa kodi hupanda hadi kisogoni,
na ile wiki ya msiba wa kaka
alinivaa mgongo mzima.

Naoga maji ya vuguvugu.
Najipaka mafuta mgando ngozi ingali na unyevu,
kisha dawa, kidogo, penye doa tu,
kwa siku alizoniandikia, si zaidi.
Saa mbili asubuhi nakaa uani robo saa,
viwiko vimeelekea jua.
Majirani wanadhani naomba dua.
Siwakatalii.

Kuna miezi siamini kama ni mkono wangu, ulivyo laini.
Kuna asubuhi vidole vinaamka vimekakamaa,
sindano haiingii uzi,
na hapo sijifanyi shujaa, narudi kwa daktari.
Kikombe cha uzi mwekundu bado kipo kabatini.
Nanywea hicho hicho. Zamoyoni anatazama pembeni.

Jana alikuja binti, saa saba, jua la utosi,
amevaa sweta.
Anataka shati la shule liongezwe mikono,
ifike hapa, alionyesha, karibu na vidole.
Nikaziona kucha zake:
vitundu vidogo vidogo,
kama mtu aliyezipitishia sindano bila uzi.

Sikumuuliza kitu.
Nilikunja mikono ya blauzi yangu,
mkunjo, mkunjo tena, mpaka juu ya viwiko,
magamba yakaangukia mezani palipo wazi,
nikachukua futi.
"Lete mkono," nikasema, "nikupime."