Tangazo Mlangoni, Ghorofa ya Tatu

Limebandikwa kwa gundi iliyokwisha kukauka:
"Alhamisi, saa kumi. Mwenye Kifaransa afanye nini?"
Mtu ameongeza chini yake kwa penseli:
ale nini, kwanza.

Tulikwenda sote kumi na saba, makoti yangali na theluji,
maana ukumbi una moto na bweni halina.
Hapa Iași mwezi wa pili hauna adabu,
unakuingia viatuni bila hodi.

Luminița alitangulia kusema.
Hupokea simu za watu wa Bordeaux
ambao mashine zao za kufulia zimegoma.
Kazini jina lake ni Camille.
"Ukisema Luminița wanakata,
au wanakusemesha polepole kama mtoto."
Mshahara hufika tarehe mosi, haujakosa hata mara moja.
Akacheka, kisha akatazama saa:
Camille alikuwa na zamu ya usiku.

Bwana Ovidiu ni mfasiri wa mahakama.
Talaka, wosia, vyeti vya vifo,
hulipwa kwa ukurasa, na muhuri hununua mwenyewe.
"Miaka kumi na moja sijatafsiri habari njema."
Akafikiri.
"Isipokuwa mapacha. Mara moja."

Akaja mwalimu wa kijijini, mwenye wanafunzi tisa,
anayefundisha pia mazoezi ya viungo
ili vipindi vyake vitimie.
Wazazi wa watoto wale wako Torino, wanaosha wazee wa watu.
Kila Jumatatu mmoja wao humuuliza:
"Mwalimu, Kiitalia tutaanza lini?"

Profesa Aglaia alikaa nyuma akimenya chungwa.
Hakutoa nasaha. Alitugawia vipande,
havikututosha.

Nilichora daftarini safu mbili, faida na hasara,
nikaishia kuchora paka.

Jumapili, alfajiri, simu ikatetemeka chini ya mto.
Namba ya Ufaransa. Muuguzi, hospitali ya Reims,
maneno yakimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka.
Baba yangu huendesha lori la mbao.
Barabara ilikuwa barafu, alisema. Yu hai, alisema.
Halafu akataja neno nisilolijua.

Ulimi hauna mfupa, husema watu;
wangu asubuhi ile ulitafuta mfupa mmoja tu ukaukosa.
Mimi, niliyepata tisa kwa kumi
kwa insha juu ya huzuni katika ushairi wa karne ya kumi na tisa,
sikujua pia ya goti inaitwaje.
"Kile kidude cha duara," nilimwambia, "mbele,
kinachochezacheza ukikigusa?"
"Hicho hicho. Kimevunjika vipande vitatu."

Wakampa baba simu.
Funguo ziko chini ya kiti, waambie.
Mbao zilitakiwa Rouen kesho, waambie.
Mama yako asiambiwe.
Nikayapeleka yote yanapohusika, isipokuwa la mwisho.

Daktari akaja na habari ya kisu, saa nne kamili.
Baba hakusema anaogopa.
Alisema: muulize kama usiku amelala vya kutosha.
Nikauliza hivyohivyo, neno kwa neno,
nikiwa nimesimama peku kwenye sakafu ya bweni,
Ruxandra kanifunika blanketi bila kuuliza kitu.
Kimya upande wa pili.
Kisha daktari akacheka, kicheko cha mtu mchovu:
"Saa sita. Mwambie saa sita, na kahawa mbili."
Nikamwambia.
"Basi na akate," alisema baba.

Jumanne idara imetuletea fomu ya kujaza.
Uzoefu wa kazi: nukta, nukta, nukta.
Nimeandika: dakika arobaini na moja.
Nimefuta. Karatasi imetoboka.

Jioni Luminița kanitumia ujumbe.
Wanaajiri watu sita. Camille ni wake,
yamebaki Manon na Élodie,
nichague mapema kabla hayajaisha.

Sijamjibu.
Baba amepiga simu, anataka kujua
"asante" hutamkwaje mtu akiwa anaimaanisha.