Hakufika

Niliandika mimi, kwa kalamu ya bluu,
katika rejista ya kliniki ya dawa, Ngamiani:
Nyamvula Mwachili, Makorora, mshonaji. Hakufika.
Mwezi wa pili: hakufika.
Wa tatu nikapiga mstari, nikaandika neno tunalowapa
wanaokatisha vidonge: mtoro.

Naye alikuwa benchi la mbele.

Alikuja na futi yake shingoni,
uzi mweupe umemganda begani,
akakaa chini ya feni isiyozunguka
akinitazama mdomo.
Mimi nilitoa kichwa dirishani, nikaita mara tatu
kwa ile sauti ya chini tuliyofundishwa,
jina la mtu lisije likavuka ukuta
likafika sokoni kabla ya mwenyewe.
Nilijiona mstaarabu.
Saa tisa nikafunga dirisha.
Akainuka, akakung'uta kanga, akaenda zake
na mkoba mtupu.

Siku moja alimleta mwanawe, Mbwana, wa darasa la tatu,
shati la shule lina doa la wino.
Muuguzi akamwinamia: Mwambie mama
virusi vimepanda. Mwambie vidonge haviachwi.
Mwambie na kondomu, kila mara. Mwambie. Ameelewa?
Mikono ya mtoto ikapanda, ikasimama hewani.
Neno moja hakuwa nalo.
La pili alikuwa nalo,
akaona haya kulitia mkononi mbele ya mamaye.
Akaonyesha bango ukutani.
Mama akamshusha mikono, taratibu,
kama anayemtoa mtoto wembe.

Sisemi nililia. Sikulia.
Nilikwenda nyumbani, nikasonga ugali,
nikauacha ukashika chini ya sufuria.

Ndipo akaja Semkiwa, seremala wa Chuda,
kiziwi tangu surua ya utotoni,
na karatasi yenye herufi kubwa kama za duka:
HATUJAJA KUOMBA HURUMA. TAA IKO WAPI?
Tukatazamana. Akaonyesha ukumbi wetu,
ule ugiza wake wa mchana kutwa:
mkono hausomeki gizani.
Kisha akageukia mabenchi, watu thelathini,
akalisema lile neno la ugonjwa kwa mikono, pana, wazi,
na shingo zote zikageuka,
hata za wasiojua lugha.
Hapo akili ikanifunguka:
siri yetu sisi tunaitia sikioni.
Yao haina mnong'ono.
Yao inataka ukuta.

Ukuta ulikuwa na bei. Tukakubaliana pazia.
Nani alilishona? Nyamvula.
Alitoza elfu kumi na nane, hakushuka hata mia,
akadai na hela ya uzi.

Sasa kila Alhamisi Semkiwa hukaa nyuma ya lile pazia,
taa mpya juu ya kichwa chake,
nauli yake imeandikwa kwenye hesabu kama nauli ya mtu yeyote.
Wanakuja wawili, watano; juzi alitoka mmoja Pongwe
aliyekuwa hajui vidonge anavyomeza ni vya nini.
Miaka minne.

Mimi nina maneno arobaini na kitu.
Vidole vyangu vizito, vimezoea muhuri.
Nilitaka kumwambia Nyamvula, rudi mwezi ujao,
sijui nikamwambia nini,
akacheka mpaka futi ikamwanguka,
akanishika kiwiko, akaninyoosha
kama anavyonyoosha mkono wa shati kabla ya pasi.
Virusi vyake vimelala, kipimo hakivioni.
Aliuliza mara mbili, kwa nyusi.
Mara mbili nikajibu.

Rejista haifutwi, ndiyo kanuni.
Kwa hiyo maneno yale yapo,
hakufika, hakufika, mtoro,
bluu yake haijapauka.
Pembezoni nimeongeza mstari mmoja
(mkaguzi ataniuliza, na aniulize):

Alikuwepo. Aliyeita ndiye hakufika.