Kibao chenye Sikio

Miaka tisa niliandika: "Kampuni inasikitika."
Kampuni haikuwahi kusikitika. Nilisikitika mimi,
saa nne usiku, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kikikoroma kama mgonjwa wa pumu,
nikitafuta neno laini la maji yaliyogeuka rangi
kijitoni, nyuma ya kiwanda.
Mkubwa alifuta "sumu", akaweka "hali".
Nikafuta "hali", nikaacha nukta.
Kesho yake niliandika barua fupi kuliko zote
nilizowahi kuandika chini ya nembo ile:
mistari miwili, na jina langu, Kabedi Mwewa,
limesimama peke yake
kama abiria aliyeshushwa njiani usiku.

Mama alipiga kofi moja, akafunika mdomo.
"Mshahara wa kila tarehe ishirini na tano
unauacha kama sufuria kwa jirani?"
Mjomba akauliza kama nimeiba.
Kaka akauliza gari linabaki kwa nani.

Nikapanga chumba komini ya Kenya,
pembeni ya fundi wa majenereta.
Garanti ya miezi sita ilimeza akiba yote.
Meza ni mlango wa zamani juu ya matofali,
na vumbi jekundu la mwezi wa nane
linasaini kila karatasi kabla yangu.

Kalenga, mchoraji wa vibao, alikuja na makopo matatu.
"Unauza nini, mama?"
Mahusiano na umma, nikasema.
Akajikuna kisogo kwa mpini wa brashi.
"Mahusiano... ya ndoa?"
Nikamwambia: nawasaidia watu kusema jambo lao
hadi lieleweke.
"Basi nichore mdomo."
Hapana. Mdomo naujua, umenilisha miaka tisa.
Kwanza mtu anasikiliza.
Akanyamaza, akachovya, akachora sikio
kubwa, jekundu, na hereni ya rangi ya shaba,
na chini yake jina langu, limepungua herufi moja
kwa sababu bati liliisha.

Siku ya kwanza hakuja mtu.
Siku ya pili alikuja mwenye nyumba.
Siku ya tatu, mwanamke na mtoto mgongoni:
"Daktari, linatoa usaha toka Jumapili."
Ningecheka, lakini mtoto alikuwa amechoka kulia.
Nikafunga ofisi, nikawasindikiza zahanati,
ile iliyo nyuma ya depo ya bia.
Benchi tupu. Muuguzi Ngalula anafuma kofia.
"Watu hawajui kama tupo," akasema,
akiangaza tochi ndani ya sikio dogo.
Nikatoa daftari.

Tuliandika kwa kusema, kwanza kwa sauti, ndipo kwa kalamu:
Tuko nyuma ya depo ya bia. Mlango wa kijani.
Jumatano, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi.
Hakuna mtu aliyesikitika humo ndani.
Ilisomwa kanisani, ikasomwa sokoni kwenye mizani ya dagaa,
na Jumatano ile benchi halikutosha.
Nililipwa nusu pesa, nusu unga wa bukari,
mshahara wa kwanza kuubeba kichwani.

Jana amepiga mkubwa. Kijito kimerudi
midomoni mwa watu. "Tunahitaji sauti ya nje.
Mara tatu ya ulichokuwa unapata."
Umeme ulikuwa umekatika. Gizani nilihesabu
kodi, karo ya mdogo wangu, viatu.
Sitadanganya: nilihesabu mara mbili.
Nikasema: nitakuja, ila nianzie kijitoni,
niketi na wanaochota pale,
na watakalosema lisifutwe.
Upande wa pili, kimya. Kimya kile nakijua,
niliwahi kukitungia sentensi.

Hajapiga tena.
Asubuhi hii Kalenga amerudi na kipande cha bati,
upana wa kiganja, na juu yake A moja mbichi.
"Wale wenye masikio mabovu, bado wanakuja?"
Wanakuja, nikasema.
Akaweka misumari mdomoni,
akapanda juu ya kiti changu cha pekee.